Saa Tatu ya Marko, Saa Sita ya Yohana

Jumapili moja baada ya ibada, hapa Kikagate, kijana wa kwaya alinifuata nikiwa nakunja mikeka. Alikuwa amerudi kutoka Mbarara anakosoma, na Biblia yake ilikuwa imejaa vipande vya karatasi alivyovichomeka kwenye kurasa.

"Mama, naomba unisaidie," akasema. "Marko anasema Yesu alisulubiwa saa tatu. Yohana anasema yapata saa sita bado alikuwa mbele ya Pilato. Mwenzangu tunayekaa naye chumba kimoja ameniuliza, nikakosa la kumjibu. Nani amesema uongo?"

Sikumjibu palepale. Neno hilo, uongo, lilinichoma mahali ambapo yeye hapajui.

Sisi tulitoka Kivu usiku. Miaka kadhaa baadaye, tukiwa tumeshazoea maisha ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, tuliitwa kwenye mahojiano ya watu wanaotafutiwa nchi nyingine ya kuhamia. Mume wangu aliingia kwanza, mimi nikafuata, kila mmoja na mkalimani wake. Mume wangu alisema tuliondoka nyumbani saa tisa usiku. Mkalimani akaigeuza kwa Kiingereza na tisa yake ileile, bila kubadili hesabu, na kwenye karatasi tukawa tumeondoka mapema, saa ambayo kwetu ni saa tatu usiku, watu wakiwa bado wanakula. Mimi nilisema majogoo walikuwa karibu kuwika. Mume wangu alisema tulikuwa watu saba. Mimi nikasema wanane. Yeye aliwahesabu waliokuwa wanatembea. Mimi nilimhesabu na mtoto niliyekuwa nimembeba mgongoni. Tukaambiwa maelezo yetu yanapingana, faili letu likawekwa kando. Hakuna aliyerudi kutuuliza kwa nini.

Tangu hapo nikifungua Injili nne naziona kama watu wanne walioitwa mmoja mmoja kwenye chumba kile.

Nilimkalisha yule kijana kwenye benchi tukafungua zote mbili, Marko 15 na Yohana 19. Kwa jambo hili msomaji wa Kiswahili amejaliwa: Wayahudi wa wakati ule walihesabu saa za mchana tangu jua kuchomoza, kama tunavyohesabu sisi. Saa tatu ya Marko ni hii hii yetu, jua limeanza kukolea na waliokwenda shambani wameshalima kipande. Saa sita ya Yohana ni jua la utosini. Kati ya hizo mbili kuna saa tatu nzima, na mtu hawezi kuzifunika kwa kiganja.

Nilimweleza majibu ninayoyajua. Wako wanaosema Yohana alihesabu kwa namna ya Kirumi, kuanzia usiku wa manane, hivyo saa sita yake ni alfajiri. Ni jibu zuri, lakini mimi halinikai vizuri, kwa sababu katika sura ya 11 ya Injili hiyohiyo Yesu anazungumza juu ya saa kumi na mbili za mchana, na hiyo ni hesabu ya jua. Wako wanaosema watu wasio na saa mkononi waliugawa mchana kwa mafungu, fungu moja saa tatu, na aliyeona jua liko katikati ya mafungu mawili angeweza kutaja la kwanza au la pili. Tena Yohana mwenyewe ameweka "yapata". Hili nalikubali zaidi, maana hata mimi usiku ule sikutazama saa, nilisikiliza majogoo. Wengine wanakumbusha kwamba Yohana anataja Maandalio ya Pasaka palepale anapotaja saa, kana kwamba anataka tumwone Yesu pamoja na wanakondoo wa sikukuu. Nilimwambia yote matatu. Sikumwambia kwamba nina hakika.

Aliniangalia kwa mashaka. Nadhani alitaka jibu la kwenda kumnyamazisha mwenzake.

Basi nikamweleza habari za Tatiano. Mnamo mwaka 170 hivi, Mkristo huyo mwenye asili ya upande wa Shamu alizichukua Injili nne akazisuka zikawa kitabu kimoja, kinachoitwa Diatesaroni. Makanisa ya Washami yalikisoma kwa vizazi vingi. Lakini katika karne ya 5 askofu Theodoreto wa Kiro alikusanya nakala zaidi ya 200 za kitabu hicho katika eneo lake, akaziondoa, akarudisha zile nne. Kanisa lilikuwa na njia ya kuondoa tofauti zote na likaiacha. Marko akabaki na saa yake, Yohana na yake. Mtu anayetaka kudanganya angechagua kitabu cha Tatiano.

Na katika kambi tunajua kitu kuhusu maelezo yanayofanana mno. Wapo waliokaa usiku kucha wakikaririshana, baba na mama na watoto, hadi kila neno likalingana. Siwalaumu, hofu ndiyo iliyowafundisha. Lakini sisi hatukukariri, tulisema tulichokumbuka.

Sisemi kila fundo linafunguka hivyo. Kifo cha Yuda, Mathayo anasema alijinyonga, Matendo ya Mitume yanasema alianguka akapasuka. Nikiwa mtoto nilifundishwa kwamba kamba ilikatika. Huenda ilikatika, lakini kamba hiyo haimo katika Matendo wala katika Mathayo, na mimi sitawafundisha watoto wa Jumapili kana kwamba imeandikwa. Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba huko Algeria, aliandika kitabu kizima kuhusu kupatana kwa Injili mnamo mwaka 400 hivi. Naye alimwandikia Yeronimo, mfasiri wa Biblia, kwamba akikuta mahali panapoonekana kupinga kweli, huwaza mambo matatu: nakala ina kosa, au mfasiri hakupata maana, au yeye mwenyewe hakuelewa. Mwafrika mwenzetu huyo alijua habari za wakalimani.

Kabla hatujafunga Biblia nilimwonyesha mahali ninapopapenda kuliko pote. Injili zote nne zinasimulia mikate mitano na samaki wawili, na zote zinataja wanaume elfu tano. Mathayo peke yake anaongeza kwamba wanawake na watoto walikuwa nje ya hesabu. Kijana alikuwa hajawahi kuliona hilo. Mimi huwa siwezi kulisoma kwa sauti mbele za watu.

Yule niliyembeba mgongoni sasa anasoma darasa la sita. Jioni ile ile, umeme wa sola ukiwa umeisha na tumekaa nje tukipukuchua mahindi, aliuliza tena habari za safari yetu, anavyopenda kuuliza.

"Tulitoka saa tisa," baba yake akasema, "watu saba."

"Wanane," nikasema.

Mtoto akasogea katikati yetu, akamwambia baba yake aendelee.