Mapatano ya Biashara na Haki ya Mnyonge

Yako maswali ambayo mtu hudhani ameyajibu kabla hajayafikiri. Mojawapo ni hili: Je, mapatano yaliyofungwa kwa ajili ya faida ya biashara yaweza kuilinda haki ya binadamu? Wengi husema hayawezi, kwa kuwa mfanya biashara hutafuta chake, na haki hudai mtu ampe mwingine chake. Jibu hilo lapendeza masikioni, lakini historia hailikubali.

Wasomaji wa kurasa hizi wanakijua kisa cha Hilful Fudhul. Mtu mmoja wa Zabid, nchini Yemen, alileta bidhaa Makka, naye As bin Wail akazichukua asimlipe. Mgeni yule hakuwa na kabila la kumtetea, akapanda mlimani akapaza sauti. Ndipo baadhi ya koo za Makuraishi zilipokutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kusimama pamoja na mdhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, hata apate haki yake. Mtume Mtukufu s.a.w., wakati huo akiwa kijana, alihudhuria. Na baada ya kupewa utume alisema kwamba hata sasa angeitwa kwa mapatano yale angeitika. Basi fikiri: Makka haikuwa na mashamba. Iliishi kwa misafara, na mji unaowadhulumu wageni hukimbiwa na wageni. Ni nani awezaye kusema kwamba kila aliyeapa siku ile aliapa kwa usafi wa moyo tu? Hata hivyo yule Mzabidi alirudishiwa mali yake.

Sasa tuje Arusha, chini ya Mlima Meru. Tarehe 30 Novemba, 1999, Marais wa Kenya, Uganda na Tanzania walitia sahihi huko Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ukiusoma utakuta habari za ushuru wa forodha, soko la pamoja na sarafu. Lakini katika Kifungu cha 6 nchi hizo zilijifunga kufuata utawala wa sheria na kulinda haki za binadamu. Na Kifungu cha 30 kikampa mkazi ye yote ruhusa ya kuishitaki serikali mbele ya Mahakama ya Jumuiya. Uwezo wa kuhukumu kesi za haki za binadamu zenyewe ukaahirishwa mpaka iandikwe itifaki. Walipoiongezea Mahakama mamlaka mwaka 2015, waliongeza mambo ya biashara, uwekezaji na umoja wa fedha. Haki za binadamu zikaachwa tena.

Hata hivyo mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Novemba 2005 Mahakama Kuu ya Uganda iliwapa dhamana watu 14 walioshitakiwa kwa uhaini. Watu wenye silaha wakaizingira mahakama, na washitakiwa wakarudishwa gerezani, kisha wakapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. James Katabazi na wenzake wakaleta shauri Arusha. Tarehe 1 Novemba, 2007, majaji walikiri kwamba hawajapewa kuhukumu kesi za haki za binadamu, lakini wakakataa kuikimbia kazi yao ya kuufasiri Mkataba eti kwa sababu tu malalamiko yanazitaja haki hizo. Wakaamua kwamba Uganda ilivunja utawala wa sheria, na kwa hiyo ilivunja Mkataba.

Wakubwa hawakufurahia mlango huo kuwa wazi sana. Baada ya Mahakama kuwazuia wabunge wa Kenya katika Bunge la Jumuiya wasiapishwe, Novemba 2006, Mkataba ulibadilishwa mwezi uliofuata, na mlalamikaji akawekewa muda wa miezi miwili tu. Kwa mwanasheria wa mjini miezi miwili yatosha. Kwa mchungaji wa ng'ombe ni safari moja ya kutafuta malisho.

Na hapa pana jambo ambalo wanafunzi wangu huku ugenini hulishangaa. Arusha ina mahakama nyingine, ile ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Novemba 2019 Tanzania, mwenyeji wake, iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishitaki huko moja kwa moja. Basi mlango wenye jina la haki ukafungwa, na ule wa forodha ukabaki wazi! Ndiyo sababu siwezi kuyadharau mapatano ya biashara. Nia za waliotia sahihi tumwachie Mola azipime. Anayedhulumiwa aulize kama yamempa mahali pa kushitaki.

Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 walifukuzwa Ngarenanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akalazimika kwenda hadi New York, kwenye Umoja wa Mataifa. Alisikilizwa, lakini ardhi haikurudishwa. Mwaka 2017 vijiji vya Wamasai wa Loliondo, katika mkoa huo huo wa Arusha, vilipeleka shauri la ardhi yao kwenye Mahakama ya Jumuiya. Septemba 2018 vilipata amri ya muda ya kuzuia kuhamishwa. Septemba 2022 vikashindwa. Na tarehe 29 Novemba, 2023, majaji wa rufaa wakaitengua hukumu ile na kuamuru kesi isikilizwe upya.