Chungu cha Shaba na Tumbo la Jirani

Tuseme fundi mmoja wa Nkuhungu, asiyepata kukeneka gongo maishani mwake, ajiundia chungu cha shaba na mrija wake. Sheria ya moshi ilitungwa mwaka 1966, naye aijua, lakini hujitetea: "Shaba yangu, tumbo langu." Shaba ni njema, hatubishi. Ila viungo amevitia lehemu gani? Ikiwa ina risasi, sumu hujipenyeza katika matone, wala ulimi hauitambui. Na chupa ya kwanza haikai nyumbani, jirani ataonjeshwa. Nairobi, Novemba 2000, pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100, wengine wakapofuka. Hao hawakuulizwa. Basi anayejifunza ajifunze kwa macho ya nani?