BAADA YA KARMELI

Andiko: 1 Wafalme 19:1-18, 2 Wakorintho 1:3-4



Moto ulishuka Karmeli, mvua ikanyesha, watu wote wakaona. Sasa fungua sura ya 19. Eliya yuleyule amekaa chini ya mretemu, anaomba afe. Na angalia mstari wa 3: alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaendelea peke yake.

Tuko na ndugu na dada hapa waliomaliza kemo na mionzi. Walitoa ushuhuda, tukapiga vigelegele, tukaenda nyumbani. Wakati wa matibabu tulijaa kwao na uji na matunda. Siku hizi simu imenyamaza. Lakini usiku mgongo ukiuma kidogo tu, mtu anawaza: imerudi? Wiki ya kliniki hapati usingizi. Wengine waliotibiwa saratani ya matiti bado wanameza tembe kila siku, pengine kwa miaka 5 au zaidi. Ukiwauliza, watakwambia, "Niko sawa, Mungu ni mwema," maana wanaogopa utasema hawana imani.

Kanisa, Mungu hakumkemea Eliya pale chini ya mti. Alimwacha alale, akampa mkate na maji. Halafu kule Horebu akamwonyesha watu: wako 7,000, na Elisha atatembea nawe.

Paulo anatufundisha kwamba faraja tuliyopokea tumepewa ili tuwafariji wengine. Wewe ambaye nywele zilianguka zikamea tena, kuna kitu unajua ambacho mchungaji wako hajui. Mtafute mwenzako. Usimhubirie. Keti naye, msikilize, msindikize kliniki. Mambo ya dawa mwachie daktari. Na akikwambia amechoka kuishi, usimwache peke yake hata kidogo. Mpeleke hospitalini siku hiyohiyo, ukiomba naye njiani.

Na sisi wengine, tuache kuuliza, "Si ulishapona?" Tuulize, "Umelalaje?" kisha tungoje jibu.

Wiki hii kila ushirika wa nyumbani uwatembelee waliomaliza matibabu, hata kama ni mwaka jana au juzi. Mstari wa 7 unasema malaika alirudi mara ya pili. Nasi turudi.

Mungu awabariki. Amina.