SINEMA ZIMEFUNGWA: JE, TUSHANGILIE?

Ndugu zetu wasomaji, katika darsa yetu ya hapa Baba Dogo limezuka swali ambalo kwa nje laonekana dogo, na ndani yake mna jambo kubwa. Wako waliosema: "Alhamdulillahi, nyumba za sinema zimekufa. Lile ambalo wazee wetu walilikemea juu ya mimbari miaka mingi limekwisha lenyewe." Je, maneno haya ni ya kweli? Na yakiwa ni ya kweli, je, yatupasa kufurahi? Yafaa tulipime jambo hili kwa akili, kwani mwenye kufurahia ushindi ambao hakuupata huweka silaha chini, na adui yake yu palepale.

Hapana shaka kuwa majumba hayo yamekufa. Unguja ilikuwa na jumba la Royal tangu mwaka 1921. Mombasa ilikuwa na Regal, Majestic na Naaz. Dar es Salaam ilikuwa na Avalon, Empire na Empress. Nairobi ilijaa: Globe, Shan, Odeon, Embassy, Cameo, na mengineyo. Wenye magari walikuwa na Fox kando ya barabara ya Thika, na Belle Vue kando ya barabara ya Mombasa, wakitazama picha nao wamekaa ndani ya magari yao. Leo Globe ni jina la raundabauti, Odeon ni jina la kituo cha matatu, na kijana apandaye gari hapo hajui kuwa jina hilo lilikuwa la sinema. Mengine yamegeuzwa makanisa, mengine maduka. Kule Dar es Salaam, pale palipokuwa na sinema ya magari, sasa pamesimama ubalozi wa Marekani. Kumbi zilizobakia ni chache, nyingi zao ndani ya maduka makubwa, na kibarua wa viwanda vya hapa kwetu hawezi kumpeleka mkewe na wanawe huko ila kwa kuacha kununua unga.

Basi ni nani aliyeziua? Hapa ndipo pa kuzingatia. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962. Katika miaka ya 1980 zikaenea kaseti za video, zikafuatwa na santuri za DVD zilizonakiliwa bila ya ruhusa na kuuzwa kwa bei ndogo kando ya barabara. Mwaka 2009 nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari zikafika Mombasa. Mwaka 2016 Netflix ikafungua milango yake Kenya. Kisha mwaka 2020 yakaja maradhi ya korona, kumbi zikafungwa kwa amri, na watu wakazoea kukaa nyumbani. Hizi ndizo sababu. Katika hizo hamna hata moja iliyotoka katika mawaidha yetu. Hapana aliyetubia. Watu hawakuacha kutazama, wameacha kwenda. Na mlevi aliyefungiwa kilabu, kisha akaletewa chupa kitandani, hawi ameacha ulevi.

Sasa na tutafute mizani. Imam Ghazali katika Ihya amepokea kutoka kwa Junayd wa Baghdad, katika mlango wa kusikiliza mashairi na nyimbo, kuwa jambo hilo huangaliwa kwa vitu vitatu: wakati wake, mahali pake, na wenzio unaokaa nao. Mizani hii haikutungwa kwa ajili ya sinema, lakini yafaa kwa kila kiingiacho moyoni kwa njia ya jicho na sikio. Tuitumie.

Ama wakati, sinema ilikuwa na saa yake. Picha ilianza, ikaisha, taa zikawashwa, na watu wakaambiwa kwa vitendo: nendeni makwenu. Hata asiyekuwa na kiasi katika nafsi yake alilazimishwa kiasi na saa ya ukumbi. Simu haina mwisho. Picha moja ikiisha, nyingine huanza yenyewe bila ya kuombwa, na mambo haya yametengenezwa hivyo makusudi ili mtu asinyanyuke. Kijana huingia nayo kitandani baada ya Isha na alfajiri humkuta macho yamewiva. Sala imempita, na darasani au kiwandani huenda akisinzia.

Ama mahali, sinema ilikuwa na mlango, na mlangoni alisimama mtu. Nyuma ya mtu huyo ilikuwako sheria. Mpaka leo Kenya ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na ina Bodi ya kuzipima filamu na kusema hii ni ya wote, na hii ni ya waliotimia miaka 18. Lakini amri ya mlangoni ina nguvu gani mahali pasipo mlango? Mwaka 2014 Bodi hiyo iliipiga marufuku filamu ya Marekani iitwayo The Wolf of Wall Street. Wenye kumbi walizuilika, maana wana anwani na leseni. Mwenye kunakili santuri kichochoroni alizuiliwa na nani? Na simu ya mtoto wa miaka minane izuiliwe na nani?

Au tutazame vibanda vya video vilivyomo katika mitaa yetu. Mtoto hutoa shilingi chache, huketi juu ya ubao, na hutazama kile alichokiweka mwenye kibanda, aghalabu picha za kupigana zilizosimuliwa kwa Kiswahili cha mitaani na watu kama DJ Afro. Hatusemi kuwa kila kionyeshwacho humo ni kibaya. Twasema kuwa mwenye kibanda ndiye mletaji, ndiye mwonyeshaji, na ndiye mpimaji, na faida yake iko katika kutomzuia mtu.

Ama wenziwe, hili ndilo kubwa. Aliyekwenda sinema alikaa baina ya watu. Kijana akiona kuwa mzee wa mtaa wake yu safu ya nyuma, aliona haya. Unguja, Mombasa na Lamu palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na mama zetu walikwenda kwa makundi, wakarejea wakizungumza. Ilipokuja filamu ya Kihindi ya Awara, ya mwaka 1951, ambayo ndani yake mna kadhi mmoja anayeshikilia kuwa mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi, watu walibishana mabarazani: je, tabia huzaliwa na mtu au hufunzwa? Huo ni mjadala wa maana, na walioufanya hawakuwa wasomi. Leo watu watano wamo katika chumba kimoja, kila mmoja ana picha yake mkononi, na hapana wa kumwuliza mwenziwe: umeona nini?

Tusije tukadhaniwa kuwa twazisifu sinema za kale. Zilikuwa na maovu yake. Katika siku za ukoloni watu walitengwa kwa rangi na kwa bei ya kiti. Watoto walitoroka chuoni kwenda kuzipanga foleni. Gizani yalitendeka yasiyosemeka, na picha nyingi zilifunza ulevi na kiburi. Wazee waliokemea walikuwa na sababu. Lakini sababu hizo na tuziangalie moja moja. Ikiwa sinema ilichukiwa kwa ajili ya yale yaliyoonyeshwa, basi hayo yamezidi maradufu. Ikiwa ilichukiwa kwa ajili ya kuchanganyika gizani, basi kuchanganyika huko kumeondoka, na pahali pake umekuja upweke, nao una madhara yake. Na ikiwa mtu aliichukia kwa kuwa inaitwa sinema tu, basi huyo hakuwa na hoja; alikuwa na chuki, na chuki haimwongozi mtu.

Huenda mtu akatupinga, akasema: "Wanavyuoni wamefunza kuwa dhambi ya siri ni nyepesi kuliko ya dhahiri, kwa kuwa ya dhahiri huwavuta wengine. Basi si afadhali mtu atazame uchafu chumbani kwake kuliko ukumbini?" Hoja hii ni ya nguvu, na msingi wake ni sahihi. Lakini haiifikii simu. Mwenye kutazama peke yake huituma picha ileile kwa rafiki yake, na rafiki kwa wengine kumi, na kabla ya adhuhuri imezunguka shule nzima. Kwa hiyo jambo hili limekusanya madhara mawili: limeenea kama la dhahiri, na limekosa mkanyaji kama la siri.

Mwingine atasema: "Lakini katika simu hiyohiyo mna Qur'ani, mna darsa, mna elimu." Ni kweli, nasi hatukatai. Chombo hakina dhambi. Hilo lenyewe ndilo tunalolitaka lifahamike, kuwa kufa kwa chombo kimoja au kuzaliwa kwa kingine si islahi. Islahi ni kuitengeneza nafsi ya mwenye kukitumia, na kumtengenezea pahali pa kukaa.

Na hapa twafika penye uzito. Hapa Baba Dogo nyumba ya wengi ni chumba kimoja. Baba hutoka alfajiri kwenda kiwandani, mama huenda sokoni au kufua nguo za watu, na mtoto huachiwa simu imtulize. Usiharakie kumlaumu mama huyo. Hana yaya, hana ua, na uwanja aliokuwa akichezea alipokuwa mdogo umejengwa. Wa kuulizwa ni sisi jamaa. Tulimwambia kijana: usiende sinema, usikae kibandani, usisimame barabarani. Je, tulimwambia aende wapi? Madrasa yetu hufungwa baada ya kisomo, na msikiti hufungwa baada ya sala. Mwenye kuifunga milango yote ya halali kwa uvivu wake, kisha akamlaumu mtoto kwa kuingia katika mlango mmoja uliosalia wazi, hakufanya uadilifu.

Basi rai yetu ni hii. Tusishangilie kufungwa kwa sinema, wala tusizililie. Tufanye tunayoyaweza. Kwanza, baba na mama waanze kwa mikono yao wenyewe, maana mtoto hatamsikiliza mtu anayemkataza simu huku yeye haiwachi hata wakati wa kula. Pili, ikifika Isha simu zote za nyumba ziwekwe pahali pamoja mpaka alfajiri. Chumba kimoja hakizuii jambo hilo. Bali hulifanya jepesi. Tatu, madrasa iwe wazi Jumamosi alasiri, mtoto apate pa kucheza na kusoma, na mara mojamoja watazame pamoja picha yenye manufaa, mzee akiwapo, na baada yake wazungumze: huyu alifanya haki au alidhulumu? Wewe ungalifanya nini?

Gharama ya hayo ni taa, mkeka, na mtu mzima mmoja wa kukaa na watoto saa mbili. Taa na mkeka tunavyo. Mtu ndiye adimu, na kila msomaji ajiulize kama yeye aweza kuwa huyo. Mwenye hoja ya kutupinga naye na ailete darsani, tutaipokea na kuijadili.

Wabillahi taufiq.