VIPANDE VILIVYOSALIA
(Yohana 6:1–13)



Watu 5,000 walipokwisha kula na kushiba, Bwana wetu hakuwaacha wanafunzi waende zao. Aliwaamuru kwanza waokote makombo, lisipotee hata moja, nao wakajaza vikapu 12. Aliyeizidisha mikate mitano ya shayiri hakupungukiwa na mkate. Basi, mbona aliyahurumia makombo?

Swali hili limetujia tena mtaani kwetu kwa sababu ya gitaa. Vijana wa kwaya waliomba fedha za kununulia, na mfuko wa mtaa haukuwa nazo. Wakasema watalitengeneza wenyewe. Mpaka sasa wamekusanya mlango mkuukuu wa sakristia, mbao za kitanda kilichovunjika, na ubao mmoja wa mbili kwa nne uliobaki tulipoezeka upya nyumba ya padre. Wazee wengine wamecheka sana.

Wasicheke. Mwaka 1862 Antonio de Torres, yule fundi wa Hispania ambaye mafundi wengi wa magitaa wamefuata vipimo vyake, alitengeneza gitaa ambalo mgongo na pande zake ni karatasi ngumu tu; uso peke yake ndio mbao nzuri. Gitaa hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya muziki mjini Barcelona. Na mwaka 1995 fundi Mmarekani, Bob Taylor, alichukua paleti, yaani zile chaga za mbao zinazowekwa chini ya mizigo ghalani, akatengeneza gitaa zima. Mgongo na pande ni mwaloni wa paleti. Uso ni vipande vya ubao duni vilivyounganishwa. Tena matundu ya misumari hakuyaficha. Aliyaziba kwa alumini inayong'aa, kila mtu ayaone.

Lakini ubao wa kuokota una taabu yake, nasi hatutaki kuwadanganya vijana. Msumari mmoja ukisahaulika ndani, msumeno umeharibika. Ubao uliooza hautengenezi kitu. Ubao mkavu wa miaka mingi una faida, maana umekwisha kujipinda ulivyotaka kujipinda. Hata hivyo ni lazima kuugonga kwa kidole na kuusikiliza, kisha kuupiga randa mpaka uwe mwembamba, kama milimita 3 hivi. Na uso huo mwembamba utavutwa na nyuzi sita za chuma, kwa nguvu ya kama kilo 70, mchana na usiku, hata wakati hakuna apigaye.

Wauwezaje mzigo huo? Kwa ndani zimegundishwa mbavu, vijiti vyepesi vilivyopangwa kwa akili. Atazamaye gitaa hazioni. Zikiwa nene mno, sauti hufa. Zisipokuwapo, uso huvimba, hubonyea, na mwisho hupasuka, hata ukiwa wa mbao ya bei kubwa kuliko zote. Fundi asiyeweka mbavu hana haki ya kuulaumu ubao.

Hapa ndipo tunapotaka kusimama. Ajuaye kazi hii miongoni mwa vijana wetu ni mmoja tu, nanyi mnamjua. Twaandika haya kwa ruhusa yake. Useremala alijifunza gerezani. Tangu atoke mwaka jana, wako wanaosema atengeneze gitaa, ni vema, lakini asisimame na kwaya. Yaani mikono yake twaitaka, yeye mwenyewe hatumtaki. Paulo hakumrudisha Onesimo kwa Filemoni namna hiyo. Alimrudisha kama ndugu, tena akajiandika mwenyewe kuwa mdhamini wa deni lake.

Wako pia wanaosema tumekwisha kumsamehe, yatosha. Kuusamehe ubao ni kuuokota jalalani. Mbavu ziko wapi? Nani humpitia nyumbani jioni, saa ile wenzake wa zamani wanapompigia mluzi? Nani amempa kazi ya kulipwa, hata ya kutengeneza kiti? Kijana huyu anavutwa kila siku kwa kilo zake 70, na sisi twamtazama usoni kuona kama atapasuka, ili tupate kusema tulijua.

Halmashauri itakutana Jumapili ya pili ya mwezi baada ya Ushirika Mtakatifu. Naye ameitwa. Mwenye neno juu yake na alilete pale, alinene mbele yake. Na wale wazee wawili waliokwisha kukubali kumpitia kwa zamu, twawaomba wapate wa tatu, maana siku ni nyingi.

Gitaa lenyewe bado halina shingo. Yatakiwa mti mgumu, mkavu, wenye nyuzi zilizonyooka, urefu wa mkono mzima. Aliye nao uvunguni au darini aulete sakristia, hata kama una misumari.