Kama Hupendi, Hama

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu ametozwa faini ya shilingi 20,000 kwa kuanika nepi roshani. Ni masika, mtoto ana miezi miwili, na kamati ya jengo imebandika namba ya nyumba yake kando ya lifti. Ukitoka hapo unalikuta gari la mwenyekiti limelalia nafasi mbili za maegesho.

Kanuni ni nini, sitaki kuuliza. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inataka wenye sehemu wawe na chama chao, nacho kina kanuni zake, yatosha. Ninachouliza ni kwa nini mtu azitii.

Kikaoni nilijibiwa maneno matatu: kama hupendi, hama. Jibu hili hunichoma kwa sababu linajifanya hoja, eti kukaa ni kukubali. John Locke alilisema kwa adabu zaidi mwaka 1689: hata apitaye barabarani tu ameiridhia serikali ya hapo. David Hume akamjibu mwaka 1748: basi na aliyepakiwa melini usingizini ameridhia amri za nahodha, maana yuko huru kujitosa baharini! Jirani yangu ameshalipa kodi ya miezi sita. Bahari yake ni dalali anayetaka kodi ya mwezi mzima, kirikuu ya kubebea vyombo, na kichanga mgongoni kwenye mvua. Tena sijasikia mwenyekiti akiambiwa ahame.

Wapo wasemao bila faini jengo litageuka jalala. Ni kweli.

Ila mimi nimekulia nyumba ya vyumba sita, korido katikati, choo uani, mita moja ya LUKU. Karatasi haikuwepo. Zamu ilijulikana kwa ufagio: ukiamka ukaukuta umelazwa mlangoni kwako, leo ni wewe. Mwenye friji aliongeza hela ya umeme. Akijisahau, uniti zikikata usiku, korido nzima ilimkumbusha gizani. Niliuogopa ufagio ule kuliko tangazo lolote la lifti. Nasema hivi kwa mapenzi, halafu namkumbuka kijana wa chumba cha mwisho, asiye na ndugu mjini. Ufagio ulilala mlangoni kwake mara nyingi mno, na hakuna aliyehesabu, hata mimi.

Jana nepi zilikuwa zimerudi roshani. Nikamuuliza jirani vipi.

“Si nimeshalipa?” akasema. “Acha zikauke.”