Visima vya Baba Zetu



Katika Mwanzo 26 twasoma habari za visima vilivyochimbwa siku za Ibrahimu. Wafilisti wakaona wivu, wakavifukia kwa udongo. Naye Isaka mwanawe akavichimba tena.

Sisi tukaao Kilimanjaro tunacho kisima cha namna hiyo, nacho ni msitu. Wengi hudhani ya kuwa maji yetu yatoka katika theluji ya Kibo. Sivyo. Sehemu iliyo kubwa yatoka katika mvua na ukungu wa msituni. Miti huunasa ukungu, na udongo ulio chini yake huyaweka maji, ukiyatoa kidogo kidogo katika chemchemi na vijito. Huko ndiko baba zetu walikochimba mifereji, yaani mifongo, wakaongoza maji mpaka migombani. Nayo yanayobaki hushuka hata mto Pangani, yakawanywesha watu wasiotujua hata kwa jina.

Basi miti ikikatwa, au moto ukipita juu mlimani kama ule wa Oktoba 2020, mvua huteremsha udongo, na mifongo ikajaa matope. Je, huko si kufukia kisima? Tena Wafilisti walifukia visima vya mgeni. Sisi twafukia vya baba zetu wenyewe.

Nasema haya nikiwa mimi mwenyewe na hatia. Tulipotengeneza viti vya kanisa, mtu aliniletea mbao nzuri za mkulo kwa bei ndogo. Nalizipokea kwa furaha, wala sikuuliza zimetoka wapi. Jumapili ya kwanza, baada ya ibada, mama mmoja mjane akaniambia kwa upole, "Mchungaji, leo nimekalia mfongo wangu." Sikuwa na neno la kumjibu.

Najua kuni ni taabu, hasa kwa akina mama, tangu msitu ulipotiwa ndani ya hifadhi ya taifa mwaka 2005. Kwa hiyo, enyi waalimu na wazee wa kanisa, haitoshi kukataza. Kila kijana wa kipaimara na apande miti ya kuni shambani kwao, akaitunze. Mrina asali na azime moto wake kabla hajaondoka. Na kila anunuaye ubao aulize ulikotoka, hata ukiwa wa madhabahu.

Isaka hakuketi kando ya visima vilivyofukiwa akilia; alishika jembe. Bwana atutie nguvu tufanye vivyo hivyo. Amin.